Aliwahi Kudhurika na Dawa?

Neema, karani anayechukua nafasi yangu, ameniomba niandike. Anasema nikiondoka na yaliyo kichwani mwangu, wao wanaobaki dirishani watapata tabu. Nimemwambia kwamba mengi ya kichwani mwangu ni majina ya watoto ambao sasa wana ndevu, lakini hakukubali. Basi naandika. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilianza karani wa mapokezi, nimestaafu karani wa mapokezi, na kiti nilichokalia mwisho ni kile kile nilichokalia mwanzo, ila kimebadilishwa mguu.

Wale wapya wajue kwamba nyumba yetu haikujengwa iwe kliniki ya watoto. Ilikuwa duka la Mwarabu mmoja wa zamani, karibu na soko la Tabora, lenye kuta nene na milango ambayo hadi leo lazima uisukume kwa bega. Chumba cha sindano kilikuwa stoo yake. Dirisha la mapokezi lilikuwa dirisha lake la kuuzia, ndiyo maana lina nondo na ndiyo maana wazee wengine wakifika hapo wanataka kupatana bei.

Siku yangu ya kwanza Daktari alinikabidhi mhuri wa tarehe, pedi ya wino, rundo la fomu na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Daktari ni Mhaya, anaitwa Rugaimukamu. Watu wa Tabora walilijaribu jina hilo kwa muda, wakachoka, wakabaki na Ruga. Wazee walifurahi sana, kwa sababu rugaruga walikuwa askari wa watemi wa zamani, na Daktari mwenyewe ni mtu mwembamba anayeogopa hata mbuzi. "Idi," akaniambia siku ile, "hii nyekundu usiiguse mpaka nikwambie. Na kazi yako ni kuandika anachosema mlezi, siyo unachofikiri wewe. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Ilinichukua miaka kuelewa.

Fomu yetu ya kumpokea mtoto haikuwa na mambo mengi. Jina la mtoto, jina la baba, umri, makazi, uhusiano wa aliyemleta, dawa zilizowahi kumdhuru, sahihi au dole gumba. Ukiisoma ukiwa umekaa peke yako, utaona hakuna swali gumu hata moja. Ugumu unaanza akija mtu.

Chukua hilo la baba. Kulikuwa na mtoto wa kutoka Choma kule Igunga, aliletwa na mwanamume, nikamuuliza uhusiano, akasema baba. Nikaandika. Baada ya wiki akaja na mwanamume mwingine, mrefu zaidi, naye akasema baba, akaweka dole gumba bila wasiwasi. Safari ya tatu akaja wa tatu. Daktari akaniita ofisini, fomu zote tatu zikiwa mezani, akaniuliza kama nachezewa. Mimi ni Mnyamwezi, nilijua kwamba kaka wa baba ni baba, na hakuna aliyesema uongo. Fomu ndiyo haikujua. Tangu hapo kanuni ya kliniki ikawa kwamba mlezi akisema "baba" lazima umuulize "yupi?", na mpaka leo swali hilo linawaudhi wageni kutoka Dar es Salaam.

Umri nao una yake. Mama anakwambia mtoto amezaliwa wakati wanafunga tumbaku, na anakutazama kama vile amekupa tarehe kamili, na kwa kweli amekupa. Nilitengeneza kalenda yangu ya ukurasa mmoja, nikaibandika upande wa ndani wa dirisha: kupandikiza miche, kuvuna majani, kukausha, kufunga, masoko, kurina asali. Neema aliikuta, akaicheka, akaipiga picha kwa simu. Sasa naona anaitumia.

Kanuni nyingine zilikuwa ukutani, zimeandikwa kwa mkono wa Daktari mwenyewe. Mtoto mwenye degedege haingii foleni. Anayekohoa akae benchi la nje. Usiite mtoto kwa jina moja tu, kwa sababu ukiita Kulwa tu, nusu ya benchi inainuka. Na ya mwisho ilisema vyakula visipokelewe dirishani. Hiyo ya mwisho aliivunja Daktari mwenyewe mara ya kwanza alipoletewa asali ya Ipole, akaniagiza nisiifute ukutani, maana huwezi kujua lini ataletwa kuku.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa nesi wa chumba cha sindano. Mwanahawa alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja Tabora kwa ndoa, ndoa ikaisha, yeye akabaki. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Mtoto alikuwa anachomwa, anamaliza kuchomwa, ndipo anakumbuka kulia. Alinifundisha kumtazama mtoto kabla ya kumtazama mama, kwa sababu mama anaweza kukudanganya kwa adabu, lakini mbavu za mtoto anayehema kwa shida hazina adabu. Alinifundisha pia kutoandika huku nimeinamisha kichwa. "Ukiinama wanasema chochote ili wapite," alisema. "Watazame, Idi. Karatasi haitakimbia."

Na alikuwa mtani wetu. Kwa vijana ambao mmekua na utani wa mpira tu, niseme kidogo. Wazee wetu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwa Wazaramo, huko wakapigana, wakapatana, wakauguzana, wakazikana, na katika hayo ukazaliwa utani. Mtani anaweza kuingia kwenye msiba wako akalala kwenye kitanda cha marehemu akadai chai. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Huruhusiwi kukasirika, na zaidi ya hapo, neno lake halikudhuru. Mwanahawa aliitumia ruhusa hiyo kila siku aliyofanya kazi. Akitoka na trei yake alikuwa anaanza, "Wapagazi! Leo mmebeba nini?" na benchi zima linamrushia maneno, na watoto wanasahau kuogopa. Daktari mwanzoni alitaka kumkataza. Akagundua kwamba siku Mwanahawa akiwa likizo makelele ya chumba cha sindano yanafika sokoni, akaacha.

Sasa nafika kwenye lile ambalo Neema hasa alitaka niliandike, maana alishuhudia mwisho wake bila kujua mwanzo.

Alikuja bibi mmoja kutoka Ipole, upande wa Sikonge, watu wa tumbaku na mizinga ya nyuki. Alikuwa ameongozana na binti yake, na mgongoni mwa binti kulikuwa na mtoto wa kike mwenye kichomi, bado hajaanza kutembea vizuri. Jina la mtoto Nyanzala. Alizaliwa mwaka wa njaa, wakampa jina la njaa, kama ilivyo kawaida. Daktari aliandika sindano ya penisilini, Mwanahawa akachoma, na kabla hajamaliza kusafisha trei mtoto akaanza kuvimba. Uso ulivimba, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mama yake alianguka chini akilia. Bibi hakulia. Alikuja akashika nondo za dirisha langu kwa mikono miwili, akasimama hapo mpaka Daktari na Mwanahawa walipomrudisha mtoto kwa sindano nyingine. Alisimama muda mrefu, nikawa namtazama kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Sura ile sikuisahau.

Mtoto alipona. Daktari akatoka, akaniambia nichukue kalamu nyekundu. Nikaandika juu ya kadi ya Nyanzala, kwa herufi kubwa, kwamba asichomwe penisilini tena. Daktari akawaeleza bibi na mama, taratibu, mara mbili, kwamba dawa hiyo ikirudiwa inaweza kumuua. Walielewa. Msidhani hawakuelewa.

Mwaka ukapita, pengine na zaidi kidogo. Asubuhi moja wakati wa masoko ya tumbaku bibi yule akatokea dirishani, safari hii peke yake na mtoto mgongoni. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama anabanwa kifua."

Mama aliyemsema ni mtoto wa mgongoni. Nikavuta fomu. Jina la mtoto? Kalunde. Nikaandika Kalunde. Amewahi kuja hapa? Hajawahi. Kwa hiyo fomu mpya, kadi mpya. Nikafikiri ni mjukuu mwingine, maana bibi wa umri wake ana wajukuu wa kujaza lori. Nikafika kwenye lile swali.

"Aliwahi kudhurika na dawa?"

"Huyu? Hajawahi."

Alijibu bila kusita, macho yakiwa kwenye macho yangu. Nimeona watu wengi wakidanganya kwenye dirisha lile, na huyu hakuwa anadanganya. Nikaandika hajawahi. Akamgeuza mtoto mbele ili aweke dole gumba, na hapo nikaona mkono wa mtoto una bangili ya shaba, ya mtu mzima, imezungushiwa uzi isidondoke.

Kwetu bangili ya namna hiyo haivaliwi kwa urembo. Mtoto akisumbuliwa na maradhi yasiyokwisha, wazee wanakwenda kuuliza kwa mganga, na wanaweza kuambiwa kwamba kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Basi mtoto anavishwa kitu cha marehemu na anapewa jina hilo. La zamani linaachwa. Kuna nyumba wanaliacha kwa mzaha, na wengine wanaliacha kabisa, halitamkwi mbele ya mtoto, lisije likamwita arudi kule alikotoka. Na kama bibi alikuwa anamwita mama, basi jina alilopewa ni la mama mzazi wa bibi huyu.

Nikauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu siye yule wa mwaka jana?"

Akamfunika mtoto masikio kwa viganja. "Huyu ni Kalunde," akasema. "Usimtafutie mwingine."

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu katika kazi hii watu hudhani karani haogopi chochote isipokuwa mchwa. Nilikuwa na fomu mkononi inayosema hajawahi, kwa maneno ya mlezi mwenyewe, na kanuni ya kwanza niliyopewa ni kwamba niandike anachosema mlezi. Nikampelekea Daktari fomu na kumweleza kuhusu bangili. Hakudharau, hakunifokea. Akamkagua mtoto kwanza, akatoka amekunja uso. Kifua kilikuwa kimebana vibaya. Dawa ya pili ambayo angeweza kuitumia ilikuwa imeisha kabatini, na ilikuwa inapatikana hospitali kubwa upande wa pili wa mji, na kwa kifua kile kumchelewesha bure kulikuwa hatari. Kama mtoto huyu ni Kalunde tu, sindano iko tayari, achomwe sasa hivi. Kama ni yule wa kwanza, sindano ile ile ndiyo itakayommaliza. Kadi ya Nyanzala niliitoa kabatini tukaitazama wote wawili, lakini kadi haina sura ya mtoto, na mtoto wa umri ule akimaliza mwaka huwezi kuapa kwamba unamjua.

Daktari akamuuliza bibi mwenyewe, kwa heshima zote. "Mama, nisaidie. Mtoto huyu aliwahi kuvimba baada ya sindano?"

"Kalunde hajawahi."

"Una hakika?"

"Daktari, mimi ndiye ninayelala naye."

Na nilimwelewa. Aliyevimba alikuwa Nyanzala, na Nyanzala walimwacha kule kwenye maradhi yake. Kwa bibi, kusema "ndiye huyu" kulikuwa ni kumrudisha mtoto palepale walipomtoa kwa tabu kubwa. Alikuwa anamlinda mtoto dhidi yetu kama sisi tulivyokuwa tunataka kumlinda dhidi ya sindano. Mimi ningeendelea kumuuliza ningekuwa mtoto asiye na adabu, tena wa kabila lake mwenyewe, na Daktari ni mgeni. Tulikuwa tumefika mwisho wa tunachoweza kuuliza.

Mwanahawa akatokea na trei. Alikuwa amesikia yote, mlango ule haufungi vizuri mpaka leo. Akamtazama bibi, akaweka trei juu ya mizani, akashika kiuno.

"Hee! Huyu Mnyamwezi mla michembe ya viazi si ndiye mwizi wangu?"

Bibi akageuka, na nikaona uso wake unalegea kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa na jirani.

"Mwizi ni nyie," akasema. "Mzaramo akiona ngoma anasahau mtoto jikoni. Nimekuibia nini?"

"Mtoto wangu! Mimi hapa nilimrudishia pumzi kwa mkono wangu, mpagazi wewe, ukamfunga kwenye mzigo ukaondoka naye. Leo unaniletea umembadilisha jina ili nisimdai. Nyanzala wangu yuko wapi?"

Alilisema kwa sauti yake ile, chumba kizima kikasikia. Kuna mama mmoja wa Kwihara alijishika mdomo. Mikono ya bibi bado ilikuwa juu ya masikio ya mtoto. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mtani, umelisema wewe. Mimi sijalisema."

"Nimelisema mimi. Likitaka kumpata mtu linipate mimi, nina nyama nyingi. Sasa niambie. Yule alivimba, hakuvimba?"

"Yule alivimba."

"Na huyu nimchome ile ile?"

Bibi akamtazama mtoto. "Usimchome ile," akasema.

Basi, hakusema zaidi, na hakuna aliyemlazimisha. Daktari aliwapakia kwenye gari lake mwenyewe, Mwanahawa akakaa nyuma na mtoto mapajani, wakavuka mji kwenda kufuata dawa ya pili. Mimi nilibaki na foleni. Sikumbuki niliandika nini kwenye fomu zilizofuata, na niliporudi kuzitazama baadaye, mtoto mmoja wa kiume nilikuwa nimemwandikia kwamba anakaa Penisilini. Jioni walirudi wakasema anapumua vizuri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kidogo, halafu nikarudi kufunga kabati.

Baadaye tulikaa watatu, Daktari, Mwanahawa na mimi, kutafuta namna. Daktari kwanza alitaka kuongeza mstari kwenye fomu: jina la zamani la mtoto, kama lilibadilishwa. Tukauchapa. Hakuna aliyeujaza. Waliokuwa hawajabadilisha jina waliudharau, na waliobadilisha ndio hasa wasiotaka kuuona. Kisha Mwanahawa akasema tunauliza swali kama polisi, tunamwonyeshea mtoto kidole. Tukalibadilisha likawa hivi: katika nyumba hii, kuna mtoto yeyote aliyewahi kuvimba au kubanwa baada ya dawa? Hapo mlezi anaweza kusema ndiyo, yupo, bila kumtaja mtu. Ukipata ndiyo, unamwita nesi mtani. Hiyo ndiyo kanuni ambayo haikubandikwa ukutani, na mkitaka kuchukua kitu kimoja kutoka kwenye maandishi haya, chukueni hiyo. Watani wa Wanyamwezi si Wazaramo tu, kwa hiyo hamkosi mmoja.

Kadi ya Kalunde niliiandika kwa wino mwekundu maneno yale yale, bila jina la zamani, kama bibi alivyotaka. Miaka ikaenda. Walikuja kwa malaria, kwa minyoo, mara moja kwa punje ya hindi iliyokwama sikioni. Kila wakija, Mwanahawa alikuwa anadai mtoto wake, bibi anamtukana, asali inaingia kupitia dirishani kinyume cha kanuni. Mtoto alikua katikati ya utani huo akidhani Nyanzala ni jina tu la utani. Hakuna aliyemwambia. Bibi hakulitamka hata siku moja, na kila nilipouliza swali la sindano alikuwa ananijibu kwa kutazama mlango wa chumba cha sindano, akimngoja Mwanahawa mwenyewe atoke ajibu.

Mwanahawa alistaafu kabla yangu, akarudi Kisarawe, na tangu hapo bibi wa Ipole alikuwa hajatokea tena. Alinipigia simu siku za sikukuu, akiniuliza kama Wanyamwezi wameshajifunza kuoga. Mwaka jana simu ilipigwa na mtoto wa dada yake.

Halafu ikaja kompyuta. Sina ugomvi nayo. Mchwa hawaili, na mwandiko wa Neema humo ndani unasomeka kuliko wangu. Ila mfumo huo una swali moja tu la dawa, na jibu ni ndiyo au hapana. Na walioleta mfumo waliweka kanuni kwamba kila mtoto aulizwe upya mbele ya mlezi, yaliyo kwenye kadi za zamani yasinakiliwe, kwa sababu kadi zimejaa makosa. Hapo nilitaka kubisha, nikamkumbuka yule mtoto anayekaa Penisilini, nikanyamaza.

Wiki yangu ya mwisho nilikuwa nimekaa nyuma ya Neema namkabidhi kazi. Bibi wa Ipole akaingia, sasa anatembea kwa fimbo, na Kalunde amemshika mkono, binti mrefu wa sare ya shule mwenye kikohozi. Bangili ya shaba siku hizi inamtosha. Neema akawaamkia vizuri, akauliza jina, umri, makazi, akawa anapiga vitufe. Mimi nilikuwa nahesabu jambo moja tu kichwani. Binti huyu karibu anavuka umri wa kliniki yetu. Mwakani akiumwa atakwenda dirisha jingine, mbele ya mtu asiyemjua, na kadi yangu nyekundu haitakwenda naye. Ataulizwa swali lile yeye mwenyewe, na atajibu kwa moyo safi kabisa kwamba hajawahi.

"Bibi," Neema akasema, "mtoto ana mzio wowote?"

"Ana nini?"

"Yaani, huyu aliwahi kudhurika na dawa?"

Bibi akatazama mlango wa chumba cha sindano. Ukafunguka, akatoka kijana mmoja mwenye glavu, akaita jina la mtu mwingine, akarudi ndani.

"Idi, mtani wangu yuko wapi?"

"Alistaafu, bibi. Alirudi kwao." Nikasimama. "Amefariki. Mwaka jana."

Foleni nyuma yake ikaanza kujongea, kisha ikatulia. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Ningeweza kumnong'oneza Neema, mambo yakaisha, lakini binti angetoka pale hajui kama alivyoingia.

"Amezikwa na nani?" bibi akauliza. "Kulikuwa na Mnyamwezi hata mmoja wa kumtania?"

"Sijui, bibi."

"Amezikwa kimya kimya," akasema. Aliegemeza fimbo ukutani, akazishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, kama siku ile. Neema alikuwa anangoja, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Andika, mwanangu. Aliwahi. Walimchoma penisilini hapa hapa, akavimba. Alikuwa anaitwa Nyanzala."

Kalunde akacheka kidogo, akifikiri ni ule utani wa siku zote. Kisha akaona hakuna anayecheka.

"Bibi, kwani Nyanzala ni nani?"

"Ni wewe, mama," bibi akasema. "Ulivimba, ukapona."